Fremu, mkanda na kifaa cha kusimamisha: maoni yangu baada ya kuvitumia kwenye makao ya wazee Kisumu

Naandika kwa wasimamizi wa makao ya wazee na kwa familia zinazomtunza mzee nyumbani, huku Kisumu, Kakamega na kwingineko magharibi mwa Kenya, na Nakuru pia. Kazi yangu ni fiziotherapia, na vifaa nitakavyovitaja nimevitumia. Pesa nyingi hupotea kwa kununua kifaa kizuri kisha kukiacha bila kukipima kwa mwili wa mtu atakayekitumia. Fremu ya kutembelea ya bei ya chini iliyorekebishwa vizuri humtembeza mzee. Ya bei ghali iliyoachwa kama ilivyotoka dukani humwangusha.

Kabla ya fremu, angalia kiti. Mtu aliyelala wiki kadhaa kwa sababu ya kiharusi au kuvunjika nyonga hupungukiwa kwanza na nguvu za mapaja, na mapaja ndiyo yanayomnyanyua. Mkalishe kwenye sofa la povu lililobonyea, magoti yakiwa juu kuliko nyonga, na hata kijana atahangaika kuinuka. Kiti kinachofaa kina mikono miwili imara, na mahali pa kukalia palingane na nyuma ya goti au pazidi kidogo. Kwa watu wengi hiyo ni kati ya sm 43 na 48. Kikiwa kifupi, fundi seremala atakata vipande vinne vya mbao na kuchonga shimo la sm 3 hivi katika kila kimoja ili mguu wa kiti uzame ndani. Msiweke matofali. Kiti huteleza juu yake mzee anapojisukuma.

Sasa fremu ya kutembelea. Ya kawaida ya alumini ina uzito wa kilo 2 hadi 3, na urefu wake hubadilishwa kwa vitufe vya springi vinavyotokea kwenye matundu ya miguu, kwa kawaida kila baada ya sm 2.5. Pima hivi: mzee asimame akiwa na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiushika, kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Kama hawezi kusimama bado, alale chali na viatu, upime kutoka mkunjo huohuo hadi chini ya kisigino. Fremu ikizidi urefu, mabega hupanda na mikono hukosa nguvu ya kusukuma. Ikiwa fupi, mgongo hupinda na macho hubaki sakafuni.

Hesabu matundu kwenye miguu yote minne. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mguu mmoja kuwa tundu moja chini ya mingine. Lingine ni kitufe kilichotokea nusu tu. Kidole chako kikipita juu yake lazima ukihisi kimetokea chote, na kimelia "tak" kilipoingia. Kilichotoka nusu hushikilia fremu ikiwa tupu na hukubali kurudi ndani uzito ukija.

Jambo ninaloliona likiwaangusha wazee wengi ni kuishika fremu wakiwa bado wamekaa na kujivuta kwayo. Kitu cha kilo 3 hakiwezi kumvuta mtu wa kilo 70. Miguu ya mbele huinuka na fremu humjia kifuani. Utaratibu wa kuinuka ni huu: asogee ukingoni mwa kiti, avute visigino nyuma ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha asukume mikono ya kiti. Akishasimama wima ndipo ahamishe mkono mmoja kwenye fremu, halafu wa pili. Wakati wa kukaa arudi nyuma mpaka nyuma ya miguu iguse kiti, aachie mkono mmoja na kutafuta mkono wa kiti, kisha wa pili.

Katika kutembea, fremu hutangulia, mguu dhaifu hufuata, wenye nguvu humalizia. Miguu yote minne iwe chini kabla hajakanyaga. Hatua iishie katikati ya fremu. Akikanyaga mpaka kugusa chuma cha mbele, uzito wote hubaki nyuma naye huanguka kichalichali.

Je, yenye magurudumu mawili mbele au isiyo nayo? Kwa wengi ninaowahudumia nachagua yenye magurudumu. Kuinua fremu kila hatua kunachosha, na kwa mwenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa) kunamkatia mwendo kabisa. Lakini chagua magurudumu ya inchi 5. Yale ya inchi 3 hukwama kwenye kizingiti cha mlango na kwenye mianya ya kabro, na kwenye maramu hayaendi. Upana nao ni muhimu: magurudumu yakifungwa nje ya miguu, fremu haipiti milango mingi ya vyoo. Yafungue uyahamishie ndani ya miguu, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia. Ni kazi ya dakika chache. Miguu ya nyuma yenye vipira hukwaruza sakafu ya simenti na kuitikisa fremu. Vipande vya plastiki laini vya kutelezea hutuliza hilo, ila kwenye sakafu ya vigae vyenye maji virudisheni vipira.

Kwa aliyepooza upande mmoja, fremu ya mikono miwili haifai. Mkono dhaifu hauishiki sawasawa na kila hatua fremu huenda upande. Mpe fimbo ya miguu minne, mkono wenye nguvu. Miguu yake iliyotokeza zaidi iangalie nje, mbali na mwili, vinginevyo atajikwaa juu yake. Nimeona fimbo hizi zimefungwa kinyume zikitoka dukani, kwa hiyo usiamini. Bonyeza kitufe, zungusha, uangalie mwenyewe.

Mkanda wa kiunoni ndicho kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vyote hapa. Una upana wa sm 5 hivi, na mingine ina vishikio vya pembeni. Walezi wengi hufunga leso kiunoni na kumshika mzee hapo, au humvuta kwa kwapa. Leso ni pamba laini, hupanda hadi mbavuni na fundo hufunguka. Kuvuta kwapa la aliyepata kiharusi ni hatari zaidi, kwa maana bega lililolegea huteguka kwa urahisi na maumivu yake hukaa miezi. Funga mkanda juu ya nguo, ubane kiasi cha vidole viwili kupita, kisha uukaze tena akishasimama kwa sababu tumbo hubadilika umbo. Usiutumie kwa mwenye kidonda kipya cha upasuaji tumboni, mbavu zilizovunjika au mrija wa chakula tumboni bila kumuuliza daktari. Na mkanda si wa kumbebea. Ni wa kumwongoza na kumpunguzia kasi akielekea chini.

Kifaa cha kusimamisha kinachoendeshwa kwa mkono ndicho kilichobadilisha kazi zaidi, na pia ndicho kilichonunuliwa vibaya zaidi. Kina jukwaa la kukanyaga, pedi ya magoti mbele, chuma cha kushika, na pedi mbili za makalio zinazofunguka kama mbawa. Mzee hukanyaga jukwaani, magoti hugusa pedi, hushika chuma na kujiinua. Unafunga pedi za makalio nyuma yake naye anakaa juu kidogo, tayari kupelekwa chooni au kwenye kiti. Uzuri wake ni kwamba yeye ndiye anayefanya kazi. Kila safari ya choo inakuwa zoezi la kusimama, na mgongo wa mlezi unapumzika.

Kinamfaa mtu anayeweza kukaa ukingoni bila kushikwa, kubeba uzito angalau kwa mguu mmoja, kushika kwa mkono mmoja, na kuelewa agizo fupi. Asiyeweza hayo anahitaji winchi ya kuinulia yenye kombeo la kitambaa, na kumlazimisha kwenye hiki ni kumwangusha. Funga breki kabla hajainuka na kabla hajakaa, na uzifungue kwa kusafiri tu. Safari iwe fupi. Si kiti cha kumwacha mtu akisubiri chai.

Tatizo kubwa ni kitanda. Miguu ya kifaa huingia chini ya kitanda, na vitanda vingi vilivyochomelewa na mafundi wetu vina chuma cha kukaza karibu na sakafu au droo chini. Kifaa kinasimama mbali, mzee analazimika kunyoosha mikono, makalio hayainuki. Kabla ya kununua, pima nafasi kutoka sakafuni hadi chuma cha chini kabisa, uilinganishe na kimo cha miguu ya kifaa kwenye karatasi ya muuzaji. Ikipungua, inueni kitanda. Hilo pia hurahisisha kuinuka. Uzito wa juu kinaoruhusu uwe umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Kisichoandikwa, nakirudisha.

Vyuma viwili sambamba vya kujifunzia hatua vinaweza kutengenezwa hapahapa, na sioni sababu ya kuagiza kutoka nje. Bomba la maji la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha takriban mm 33, ambacho mkono wenye yabisi hukizunguka vizuri. La inchi 1¼ hufika mm 42 na vidole havikutani. Bomba huuzwa likiwa na mita 6, hivyo moja tu, likikatwa katikati, linatoa vyuma vyote viwili vya mita 3. Mwambie fundi nguzo ziwe za bomba ndani ya bomba ili kimo kibadilike, kufikia usawa wa mfupa wa nje wa nyonga, na kati ya mwili na kila chuma pabaki kama sm 5. Nguzo zifungwe kwenye saruji kwa bolti za kuchimbia. Zile zinazosimama juu ya bati la miguu hutikisika, na mzee akihisi mtikisiko mara moja hatakuamini tena. Sehemu za kuchomelea zipigwe msasa kabla ya rangi, maana ngozi ya uzeeni huchanika kwa kipande kidogo cha chuma.

Zile pedali ndogo za kuendesha ukiwa umekaa, sizipendekezi kama pesa ni chache. Huteleza sakafuni na hazifundishi kusimama.

Hakuna kifaa kitakachofanya kazi kama presha inashuka. Siku za kwanza mpime akiwa amelala dakika 5, kisha akisimama dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, mrudishe akae na umjulishe daktari anayempa dawa. Msimkatize dawa wenyewe. Maendeleo nayapima kwa saa ya simu: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, bado yuko hatarini kuanguka. Rudia kila wiki kwa kiti kilekile na fremu ileile, la sivyo namba hazilinganishiki. Na nguvu hizo hujengwa na chakula. Mzee wa kilo 60 anahitaji protini gramu 60 au zaidi kwa siku, asipokuwa na ugonjwa wa figo, na ugali na sukuma pekee haufiki huko. Omena, mayai, ndengu na maziwa viwepo.

Kwa aliyepata kiharusi kilichomvuruga maneno, au mwenye ugonjwa wa kusahau, hesabu kwa lugha ya nyumbani kwake. Kwa Kijaluo, "Dani, achiel, ariyo, adek" (bibi, moja, mbili, tatu), na mwili huinuka wenyewe mahali ambapo maelezo marefu ya Kiswahili yalimwacha akikutazama.

Kiti cha magurudumu kina matatizo mawili ambayo hayaonekani haraka. Breki za aina nyingi hukandamiza tairi, kwa hiyo upepo ukipungua breki haishiki hata ikiwa imefungwa. Kabla ya kumhamisha mzee, finya tairi kwa kidole gumba. La pili ni tairi za akiba. Inchi 24 si moja: soma namba pembeni, upana wa tairi kisha kipenyo cha rimu kwa milimita. Iliyoandikwa 37-540 haiingii kwenye rimu ya 507 ya baiskeli, ingawa fundi wa baiskeli atakwambia zote ni 24. Magurudumu madogo ya mbele nayo yakianza kuvuta upande, toa bolti. Utakuta nywele na nyuzi za leso zimejisokota kwenye ekseli mpaka zimekuwa ngumu kama kamba. Kata kwa wembe, futa, tia grisi kidogo.

Unyevu wa Kisumu hushika bolti za chuma kutu, na vumbi la Nakuru huingia kwenye vitufe vya springi. Kila mwezi toa miguu ya fremu, futa ndani kwa kitambaa kikavu, na kaza nati zote. Pedi zioshwe kwa sabuni na maji. Jiki kali huzipasua, kisha mkojo huingia kwenye povu na harufu haitoki.

Familia isiyoweza kununua ianze kwa kumsajili mzee mwenye ulemavu na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali. Baraza hutoa vifaa vya kujimudu, na APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo lililoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti vya magurudumu hapa nchini. Mnaponunua wenyewe, chukueni vipira vya akiba siku hiyohiyo, na mpime kipenyo cha mguu kwanza, maana vya mm 28 huchomoka kwenye mguu wa mm 25. Ndani ya kipira kuna washa ya chuma. Mistari ya chini ikiisha, badilisha, msingoje washa ichungulie.