Roboti ya Rose kwenye kundi la Telegram: tusi inalikamata, kijembe kinapita

Kundi la Telegram linabeba hadi watu 200,000. Kundi la Kiswahili halihitaji kufika huko ili liwe na vurugu, watu 500 wanatosha. Humo utamkuta Mtanzania wa Mbeya, Mkenya wa Eldoret, Mkongomani wa Lubumbashi na mtu aliyehamia Minnesota, kila mmoja na kipimo chake cha tusi ni lipi na utani ni upi. Rose (@MissRose_bot) ni roboti ya bure ambayo maadmini wengi huifunga kundini ili iwasaidie kufuta, kuonya na kunyamazisha. Hapa tunaipima kwa jambo moja tu: inafanya kazi kiasi gani watu wanapogombana kwa Kiswahili?

Kuifunga ni dakika tano. Iongeze kundini, iteue kuwa admini, washa ruhusa mbili tu: kufuta ujumbe na kuzuia watu. Ruhusa ya kuteua maadmini wengine izime, kwa kuwa kazi hii haiihitaji. Kumbuka pia kwamba roboti ikishakuwa admini inasoma kila kinachoandikwa humo. Kundi la kikoba lenye namba za akaunti, au la wagonjwa wanaoelezana hali zao, lisimamiwe na binadamu.

Moyo wa Rose ni orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Unaandika /addblocklist, neno, kisha sababu. Shida ya kwanza inakuja hapo hapo, maana roboti inatafuta neno zima kama lilivyoandikwa, na Kiswahili hakiachi neno likae peke yake. Ukizuia “mpumbavu”, wapumbavu wanapita, upumbavu unapita, na kipumbavu nacho kinapita. Dawa yake ni nyota, inayosimama badala ya herufi zozote: *pumbavu* inawakamata wote kwa mstari mmoja. Kwa wajanja wanaoandika “mpumb@vu” au “mpumb4vu”, tumia alama ya kuuliza, ambayo inashika nafasi ya herufi moja: *pumb?vu*.

Ukishaonja utamu wa nyota utataka kuiweka kila mahali, na hapo ndipo kundi linapoharibika. Weka *senge* uone: kila anayeandika “acheni kusengenya watu” anafutiwa ujumbe, na fundi anayeuliza bei ya waya wa seng'enge naye anafutiwa, kwa sababu kwenye simu hakuna anayejisumbua na ile alama ya juu. Weka *malaya* na anayesimulia milima ya Himalaya anafutiwa ujumbe. *fala* itamfuta anayezungumzia elimu ya falaki, kwa hiyo andika “fala” na “mafala” bila nyota, basi. Lile tusi la herufi nne linaloanza na k ndilo baya kuliko yote, maana limejificha ndani ya kumaliza, kumalizia na kumaanisha. Ukiliwekea nyota mwishoni, nusu saa haipiti kabla watu hawajaanza kulalamika kuwa kundi limeharibika.

*jinga* ni mtego wa aina nyingine. Hapo neno linakamatwa sawasawa, ila anayekamatwa ni mtu mpole kuliko wote kundini: mgeni anayeanza na “Wakuu, kuuliza si ujinga...” Amejishusha, ameomba radhi kabla ya kukosa, na roboti inamjibu kwa onyo. Ushauri wetu ni kuzuia “mjinga” na “wajinga” peke yake, “ujinga” uachwe.

Kuna maneno ambayo hayafai kuguswa na roboti kabisa, kwa sababu ubaya wake unategemea nani anamwambia nani. “Shoga” kwa wanawake wa pwani ni rafiki wa kike: shoga yangu, mbona kimya? Bara neno hilo hilo likielekezwa kwa mwanamume ni tusi zito. “Mende” ni mfano mgumu zaidi. Kundi la usafi wa nyumba linataja dawa ya mende kila wiki. Ila mtu kumwita Mnyarwanda mende kunagusa “inyenzi”, neno lililotumiwa dhidi ya Watutsi kuelekea na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. “Madoadoa” nalo, kwa muuza vitenge, ni mapambo ya kitambaa. Kenya, tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022. Haya mtegemee mwanachama kuripoti: anajibu ujumbe husika kwa kuandika /report au @admin, na maadmini wanapata taarifa. Waelekezwe hivyo kwenye kanuni za kundi (/setrules), kwa Kiswahili chepesi.

Onyo lenyewe linahitaji marekebisho. Rose huanza na maonyo matatu. Sisi tungeweka /warnlimit 4 na /warnmode mute, yaani akifikisha onyo la nne ananyamazishwa badala ya kufukuzwa. Halafu /warntime 4w, ili onyo lifutike baada ya wiki nne na ugomvi wa Januari usimhukumu mtu mwezi Juni. Lakini onyo la Rose hutolewa hadharani, na jina la mtu likitajwa. Kijana wa Nairobi atacheka na kuendelea. Mzee anayeamkiwa shikamoo na kundi zima, akionywa na roboti mbele ya wajukuu, anatoka kimya na harudi. Mtu wa namna hiyo admini amfuate kwanza pembeni, kwa ujumbe wa faragha. Ile sehemu ya sababu nayo usiiache tupu wala usiijaze ukali. “Ndugu, neno hili linaumiza wenzetu, tafadhali andika upya bila hilo” inatosha. Watu wengi huandika upya kweli.

Kinga ya mafuriko ya ujumbe, /setflood, inahesabu ujumbe wa mtu mmoja unaofuatana bila mwingine kuingilia. Wengi huiweka 5. Kwa Waswahili ni ndogo. Mtu anaingia: “Habari zenu.” “Wakubwa shikamooni.” “Poleni na majukumu.” “Samahani nina swali.” “Eti...” Ameshafika 5 na swali bado. Weka 10.

Sasa udhaifu mkubwa. Rose haielewi kijembe. “Asante sana mtaalamu kwa elimu yako kubwa” inapita salama, na aliyelengwa amechomwa kuliko angeitwa mjinga. Mpwani akitaka kukutukana hatumii tusi, anakupigia fumbo, na kundi zima linajua ni wewe. Halafu kuna kusahihishana lugha. Mkenya anaandika “hiyo ni uongo”, anajibiwa “kwanza jifunze, ni HUO ni uongo”, na hoja yake imezikwa. Mkongomani akiandika “bintu” au “muzuri” anachekwa, wakati anaandika Kiswahili cha kwao bila kosa lolote. Hakuna neno la kuzuia hapo. Kinachosaidia ni kanuni moja iliyoandikwa wazi: kosoa hoja, lafudhi na sarufi ya mtu iache. Upande wa pili, Mtanzania aelezwe kwamba “Hapana, umekosea, leta ushahidi” kutoka Nairobi si ugomvi. Ni namna ya kusema tu, bila ule utangulizi wa “mkuu, naomba kutofautiana nawe kidogo”.

Sauti pia haizisikii. Ukishazuia matusi ya maandishi, wagomvi wanahamia kwenye ujumbe wa sauti. Unaweza kufunga sauti zote kwa /lock voice, lakini utakuwa umewafunga na wasioandika vizuri, ambao mara nyingi ndio wenye maarifa ya mikono.

Na maadmini? Orodha ya maneno haiwagusi. Wala haimgusi aliyeidhinishwa kwa /approve. Ukiidhinisha wakongwe wote kwa heshima, umewapa leseni, na kundini anayetukana kwa kujiamini mara nyingi ni mkongwe. Idhinisha wachache sana, au usiidhinishe kabisa.

Ushahidi nao uwahi. Telegram huwaonyesha maadmini matendo ya karibuni, pamoja na ujumbe uliofutwa, kwa saa 48 tu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018, na zote zinagusa unyanyasaji wa mtandaoni. Tishio likitolewa, piga skrinishoti yenye jina, tarehe na saa kabla ya kubonyeza kufuta. Fungua pia chaneli ya kumbukumbu kwa /setlog, ili admini wa Muscat akiamka ajue admini wa Toronto alimnyamazisha nani usiku na kwa nini.

Nyota 3 kati ya 5. Kwa kundi la nchi moja lenye watu 200 ni mzigo usio wa lazima; maadmini wawili wenye subira wanatosha. Kwa kundi la watu 2,000 kutoka nchi tano itumie, ila anza na maneno yasiyozidi 15, na kila jioni ya wiki ya kwanza pitia ilichofuta. Utakuta kusengenya humo.