Kijani kwenye skrini, yaleyale kwa karani: uzoefu wangu na paipulaini za Power Platform

Programu yetu ya masurufu iliishi miaka miwili kwenye laptopu yangu, ndani ya faili za zip zenye majina kama masurufu_mwisho, masurufu_mwisho2 na masurufu_mwisho_KWELI. Kampuni ni ya malori, hapa Dar es Salaam. Dereva akipangiwa safari ya Tunduma, karani anamwombea posho na pesa ya dharura kwenye Power Apps (zana ya kutengenezea programu iliyo ndani ya Power Platform ya Microsoft), meneja anaidhinisha kwa simu yake. Nikibadilisha kitu, napakua zip huku, naipandisha kule, naomba Mungu.

Nilikuwa nataka mambo mawili: mabadiliko yafike kwenye mazingira ya kazi, yaani nakala ya mfumo ambayo watu wanaitumia kila siku, bila mimi kubeba zip mkononi, na ijulikane nani kabadilisha nini. Nilidhani paipulaini, yaani njia ya Power Platform ya kupeleka programu kutoka mazingira moja hadi mengine kwa kubonyeza, itanipa yote mawili. Imenipa la kwanza tu.

Kuisimamisha hakukunichosha kama nilivyoogopa; nusu siku ilitosha. Unahitaji mazingira ya kutengenezea, ya majaribio, ya kazi, na mengine ya pembeni ambamo paipulaini yenyewe inakaa. Programu yako lazima iwe ndani ya solusheni, yaani kile kifurushi kinachobeba fomu, majedwali na mitiririko (kazi zinazojiendesha zenyewe) kwa pamoja. Kama uliijenga nje ya solusheni, anza kwa kuihamishia humo. Kisha piga hesabu ya leseni: mazingira unayopelekea kifurushi yanatakiwa yawe Managed Environments (mazingira yaliyowashiwa usimamizi wa ziada), na watumiaji wake wawe na leseni za kulipia. Bei ya orodha ya Power Apps Premium ni dola 20 kwa mtu kwa mwezi. Sisi data yetu ilikuwa kwenye Dataverse, hifadhidata ya Power Platform, tangu mwanzo, leseni hizo tulishakuwa nazo. Ofisi inayoweka data kwenye orodha za SharePoint, na haina leseni hizo, ikae kwanza na mhasibu wake.

Ikishasimama, ni kitufe kimoja. Kabla ya kupeleka inakagua kama kuna kipande kinakosekana huko kinakokwenda, inakuuliza miunganisho itumie akaunti zipi, inakuuliza thamani za vigeu vya mazingira (vitu kama kikomo cha pesa, vinavyotofautiana kati ya majaribio na kazini). Na kifurushi kilekile kilichopita majaribio ndicho kinachokwenda kazini. Huwezi kuruka hatua. Hili nimelipenda kuliko yote. Bosi akipiga simu saa kumi na moja jioni anataka "kitu kidogo tu", mfumo unamjibu kwa niaba yangu. Siku moja LUKU iliisha ofisini katikati ya kupeleka (zamu ya kununua ilikuwa yangu, naomba tusiliongelee), na umeme uliporudi nikakuta kazi imekwisha, maana yote hufanyika huko kwenye seva.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi. Nilirekebisha fomu ya safari, nikaipeleka, alama ya kijani ikatokea. Asubuhi dada wa dirisha la masurufu akanipigia: "Kaka, umesema umerekebisha, mbona naona yaleyale?" Nikapeleka tena. Kijani. Nikamwambia afunge kivinjari afungue upya. Yaleyale. Siku mbili nzima nimo humo.

Kosa lilikuwa letu. Wiki kadhaa nyuma, jioni, mwenzangu aliingia moja kwa moja kwenye mazingira ya kazi akasahihisha neno moja kwenye fomu ileile. Dataverse hupanga mabadiliko kwa matabaka: kifurushi kilichofungwa, kile cha paipulaini, kinakaa chini, na chochote unachogusa kwa mkono kinakaa juu yake. Kwa hiyo fomu yangu mpya ilifika salama kila mara, ila ilikuwa imefunikwa na neno moja la jioni ile. Dawa ni kufungua orodha ya matabaka ya fomu hiyo na kuondoa lile la juu. Dakika moja, ukishajua. Tangu hapo tumeondoa haki za kuhariri kwenye mazingira ya kazi, yangu ikiwemo.

La vigeu nitalisema kwa kifupi. Kikomo cha idhini kazini (ombi likikivuka linakwenda kwa meneja wa fedha) ni shilingi 500,000, kwenye majaribio niliweka 5,000 ili nisichoke kuandika sifuri. Kuna siku nilisahau kuitoa thamani ile kwenye solusheni kabla ya kupeleka, ikasafiri nayo. Meneja wa fedha akaletewa mpaka maombi ya maji ya kunywa.

Lile jambo la pili, historia ya nani kabadilisha nini, nimeijenga pembeni, kwa GitHub Actions, huduma inayoendesha hatua ulizozipanga. Microsoft wanatoa hatua zilizo tayari: moja inachukua solusheni kutoka mazingira ya kutengenezea, nyingine inaifumua kuwa faili ndogondogo, kisha zinahifadhiwa kwenye Git, inayotunza kila toleo la faili. Fomula za skrini zinatoka kama maandishi ya YAML unayoweza kuyasoma kabisa. Makelele ni mengi, nakiri. Ukisogeza kitufe kidogo tu, X na Y zake (namba za mahali kilipo) zote zinaonekana kama badiliko, na faili za mitiririko ni JSON ndefu ya kuumiza macho. Mwanzo niliipanga ijiendeshe kila usiku, nikagundua kila badiliko limeandikwa jina la akaunti ya roboti, kwa hiyo swali la nani kafanya nini likabaki palepale. Sasa kila mtu akimaliza kazi anaibonyeza mwenyewe na kuandika sentensi moja ya alichofanya, jina lake likiwa pembeni.

Mwezi uliopita maombi ya shilingi 500,000 kamili yalianza kukwama kwa meneja wa fedha, wakati zamani yalikuwa yanapita. Kwa zip zangu za zamani ningekesha. Nikafungua historia ya skrini ile, nikashuka kidogo, nikakuta mstari mwekundu, wa zamani, wenye > (zaidi ya) na chini yake wa kijani, mpya, wenye >= (zaidi ya au sawa na). Alama moja tu ya sawasawa, Ijumaa jioni, na sentensi inayosema "marekebisho madogo". Jina la pembeni lilikuwa langu.