Doxygen: kurasa nzuri za msimbo wa C, mradi usiiwashe EXTRACT_ALL

Kwa msimbo wa C na C++, Doxygen ndiyo programu ya kuanza nayo. Ni programu huria, Dimitri van Heesch aliitoa mara ya kwanza mwaka 1997, na kinachosomwa ni komenti zilizo juu ya fanksheni zako, kisha zinageuzwa kuwa kurasa za HTML. Ukibadilisha fanksheni, maelezo ya kurekebisha yako papo hapo mbele ya macho.

Amri `doxygen -s -g` hutengeneza faili la mipangilio, Doxyfile, bila maelezo marefu ya kila kipengele. Jaza INPUT (folda au mafaili ya msimbo wako), washa RECURSIVE (bila hiyo folda za ndani hazisomwi), zima GENERATE_LATEX kama huhitaji PDF. Komenti yenyewe iwe hivi:

```
/**
 * @brief Husoma joto la kihisi.
 * @param[in]  namba  Namba ya kihisi, 0 hadi 7.
 * @param[out] joto   Nyuzi za Selsiasi.
 * @return 0 ikifaulu, -1 kihisi kisipojibu.
 */
```

Ukiendesha na usiione fanksheni hiyo kwenye kurasa, tazama kwanza kama faili lina komenti yenye `@file`. Likikosa, fanksheni na makro zilizo nje ya klasi huachwa. Wengi hapa hukimbilia EXTRACT_ALL = YES, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote: karibu kila kitu kinatokea, lakini maonyo kuhusu vitu visivyoelezwa yanazimika, na msomaji anapewa kurasa tele zenye majina matupu. Iache NO. Washa WARN_NO_PARAMDOC (huonya kigezo cha fanksheni kisipoelezwa), na WARN_AS_ERROR iwe FAIL_ON_WARNINGS, ili programu ifike mwisho, ikuoneshe mapungufu yote, ndipo irudishe kosa. Ukiweka YES husimama kwenye onyo la kwanza. Kazi ya siku nzima hiyo.

Mnaoandika komenti kwa Kiswahili huku JAVADOC_AUTOBRIEF (inayofanya sentensi ya kwanza kuwa muhtasari) imewashwa, angalieni vifupisho. Muhtasari hukatwa penye nukta inayofuatwa na nafasi, hivyo "Hupima hali ya hewa, k.m. joto la nje" huishia kwenye "k.m." Dawa ni kuweka alama ya `\` kabla ya nafasi: `k.m.\ joto`.

Kwa Python siipendekezi. Docstring, yaani maelezo yanayowekwa ndani ya fanksheni, huchapwa jinsi ilivyo, pamoja na `@param` zake, isipokuwa ianze kwa `"""!` au uzime PYTHON_DOCSTRING. Huko tumia Sphinx, programu nyingine ya kutengeneza kurasa za maelezo.