Kumwaga maji au kuchimba shimo: kupima kiwanja kabla ya kujenga karo la maji machafu

Kipimo cha kumwaga maji ni rahisi: tundu la upana wa sentimita 30, lifike kina cha mfereji wa kunyonya (unaopeleka maji ya karo udongoni), kokoto sentimita 5 chini. Lilowesheni usiku kucha, kisha mjaze maji sentimita 15 juu ya kokoto, mpime yanavyoshuka kila nusu saa. Yakichukua zaidi ya dakika 24 kushuka sentimita moja, kama kwenye udongo wa kinamo unaonata, karo litafurika.

Lakini kwenye uwanda (ardhi ya jiwe la matumbawe) wa Makunduchi au Jambiani, Unguja, kipimo hiki hudanganya. Maji hupotea mara moja, fundi akafurahi, kumbe yamepita kwenye nyufa za jiwe bila kuchujwa, yakielekea kisimani.

Shimo la uchunguzi, mita 2 au zaidi, lina kazi na gharama (jiwe halichimbiki kwa jembe), ila huonyesha unene wa udongo juu ya jiwe na madoa ya kijivu na kutu, alama ya maji yanayopanda masika. Chini ya mfereji ibaki walau mita 1.2 ya udongo mkavu. Uwandani, tungeanza na shimo. Kwenye udongo wa kichanga wenye kina kirefu, shimo na kipimo cha maji vyote viwili.