Uzoefu wangu: kuitembelea manowari Georgios Averof, Palaio Faliro

Wageni wanaonijia hapa Athens kutoka nyumbani Tanzania huomba kwanza Akropoli, na ni haki yao. Siku inayofuata nawapandisha tramu ya kwenda pwani, tunashuka Palaio Faliro, tunaingia Averof. Ni manowari ya deraya ya jeshi la majini la Ugiriki, iliyojengwa Livorno, Italia, ikashushwa majini mwaka 1910, na sasa ni meli ya makumbusho. Naipenda, naipendekeza kwa yeyote mwenye nusu siku ya nafasi, na nina ushauri mmoja juu ya namna ya kuitembelea: anza chini.

Watu wengi wakishapanda tu hukimbilia mizinga ili wapige picha. Mizinga inastahili kweli. Minne ni ya milimita 234, minane ya milimita 190, yote ya Kiingereza, na ukisimama chini ya mtutu unajiona mdogo. Lakini siri ya meli hii iko chini, kwenye injini na boila. Boila zilikuwa 22, zote za makaa ya mawe. Hapo ndipo mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) zaidi ya 20 ulipotengenezwa, kwa mikono ya vijana waliotia makaa kwa sepetu katika joto kali, bila kuona adui wala anga. Ukishapaona mahali pao, ndipo utavielewa vita vya Elli, pambano la majini kati ya Wagiriki na Waosmani.

Ilikuwa tarehe 16 Desemba 1912, nje ya mlango-bahari wa Dardanelles. Meli za Milki ya Osmani, yaani Uturuki ya zamani, zilitoka kupambana, zikiongozwa na Barbaros Hayreddin na Turgut Reis, meli kubwa zilizonunuliwa Ujerumani mwaka 1910, kila moja ikiwa na mizinga sita ya milimita 280. Kwa ukubwa wa mizinga, Waosmani walikuwa mbele. Wagiriki walikuwa na Averof pamoja na meli tatu za deraya, Hydra, Spetsai na Psara, zilizojengwa Ufaransa zaidi ya miaka 20 nyuma, nzito na za polepole. Admirali Pavlos Kountouriotis alipoona wenzake wanamchelewesha, alipandisha bendera ya Z kuwajulisha kwamba anakwenda peke yake. Averof ikachomoka, ikakata mbele ya msafara wa adui, na Waosmani wakajikuta wanapigwa kutoka pande mbili. Haikuchukua muda mrefu wakageuka kurudi mlangoni, safu zao zimevurugika.

Huo ulikuwa uamuzi wa ujasiri mkubwa, nao uliwezekana kwa sababu kule chini makaa yaliendelea kuingia tanurini.

Mwezi uliofuata Waosmani walijaribu hila. Meli yao ya kasi, Hamidiye, iliponyoka usiku ili Averof iifukuze na kuacha mlango wazi. Kountouriotis hakung'oka. Tarehe 18 Januari 1913, karibu na kisiwa cha Lemnos, walikutana tena, na matokeo yakawa yale yale. Tangu hapo jeshi la Waosmani halikuweza kuvushwa kwa Bahari ya Aegean kutoka Asia Ndogo kwenda kusaidia vita vya Balkani, ambako Ugiriki na jirani zake walikuwa wakipigana na Waosmani. Kwa mtazamo wangu, visiwa kama Lesbos na Chios viliamuliwa kuwa vya Ugiriki hapo majini kabla ya mezani.

Nashauri usome kidogo habari za upande wa pili kabla ya kwenda. Mabaharia wa Barbaros nao walikuwa watoto wa watu, na meli yao ilipigwa makombora wakiwa ndani. Ukitembea kwenye vyumba vyembamba vya Averof ukiwa na hilo moyoni, ziara inakuwa nzito zaidi.

Vyumba vya maofisa vina mbao nzuri na samani za kifahari. Mabaharia wa kawaida walilala kwenye machela za kuning'iniza. Kuna pia kanisa dogo la Mtakatifu Nikolaos. Kilichonigusa mimi, mtu wa pwani, ni kwamba Ugiriki ilipovamiwa mwaka 1941 meli hii ilikimbilia Alexandria, kisha ikasindikiza misafara katika Bahari ya Hindi. Jina lenyewe ni la George Averoff, mfanyabiashara Mgiriki aliyetajirika Misri. Wasia wake ulilipia sehemu ya gharama ya kuinunua.

Vaa viatu visivyoteleza, maana ngazi za ndani ni kali na milango ina vizingiti virefu. Mzee mwenye shida ya magoti atafurahia sitaha ya juu lakini chini itamtesa. Angalia ratiba kabla ya kutoka, na nenda asubuhi, hasa kiangazi: chuma kikipata jua la mchana, kule kwenye boila hutakaa. Mtoto wa miaka kumi hivi mchukue, tena mwache aulize maswali. Wahudumu niliowakuta walijibu kwa uchangamfu.