Vitamini D au bayotini kwa mgonjwa wa MS?

Katika MS (multiple sclerosis), kinga ya mwili hushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Vitamini gani isaidie?

Kwa ushahidi, D iko mbele, lakini si kwa mbali. Utafiti wa Ufaransa wa 2025 uliwapa wagonjwa wa hatua za mwanzo yuniti 100,000 kila wiki mbili. Ndani ya miaka 2 ugonjwa ulionekana tena, kwa dalili au kwa madoa kwenye picha za MRI, kwa asilimia 60.3 yao, dhidi ya 74.1 ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Hata hivyo, utafiti wa Marekani wa 2023, kwa watu waliokwisha kuanza dawa ya MS, haukuona nafuu hiyo.

Bayotini (vitamini B7), miligramu 300 kwa siku, ilitia matumaini 2016 kwa MS inayozidi polepole. Jaribio kubwa la 2020 likayazima. Tena bayotini huvuruga vipimo vya moyo na tezi ya shingo. Mwambie daktari kabla hujatolewa damu!

Uzuri wa bayotini ni kwamba ziada hutoka kwa mkojo, ilhali D ikizidi hupandisha kalsiamu na kuumiza figo.

Aliyegunduliwa karibuni, na D yake iko chini, ana sababu ya kuizungumzia kliniki. Mwenye figo dhaifu asijaribu dozi kubwa kivyake. Na dawa za MS zisiachwe.