Mwaka mmoja katika chuo kikuu cha ugenini: tathmini ya huduma niliyoipata

Nimerejea nyumbani baada ya mihula miwili katika chuo kikuu cha nje kilichonipokea kama mwanafunzi wa kubadilishana. Kabla ya kuondoka nilitafuta bila mafanikio maelezo ya mtu aliyepitia jambo hili na kulisimulia bila kulipamba, kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kuyaandika mwenyewe. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu upungufu nitakaoueleza ulitokana na watu wachache wa ofisi moja, ilhali wengine walinitendea wema nisioweza kuusahau. Kwa kifupi, ufundishaji ulikuwa bora kuliko nilivyotarajia, mapokezi yalikuwa duni, na mtu anayeruhusiwa kuchagua kati ya muhula mmoja na mwaka mzima achague mwaka mzima, kwa sababu nitakazozieleza.

Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ilijibu barua pepe zangu upesi sana nilipokuwa bado mbali, lakini nilipofika jibu likawa ni kurudi kesho. Ili nisajiliwe nilitakiwa kuwa na bima ya afya; watu wa bima walitaka anwani ya makazi; mkataba wa bweni haukutolewa mpaka nionyeshe kitambulisho cha mwanafunzi; na kitambulisho hutolewa kwa aliyekwisha kusajiliwa. Nilizunguka hivyo kwa siku 9, mihadhara ikiwa imeshaanza na jina langu halimo kwenye orodha yoyote. Siku ya 10 karani mmoja aliinua simu, akazungumza na mwenzake wa ghorofa ya juu kwa muda wa dakika tatu hivi, nikasajiliwa. Simu hiyo ingeweza kupigwa siku ya kwanza, na ninaamini kwa dhati kwamba ofisi inayopokea wageni kila mwaka haina udhuru wa kuwaacha waujue utaratibu wake kwa kuhangaika.

Kuhusu lugha, nilikuwa na cheti cha ngazi ya C1, ya pili kutoka juu kati ya ngazi sita za mfumo ambao Baraza la Ulaya liliuchapisha mwaka 2001. Cheti hicho kilinitosha kabisa katika mihadhara, ambako mzungumzaji ni mmoja na anafuata mpangilio. Semina ilikuwa habari nyingine. Watu wanane wanadakizana, mmoja anaacha sentensi katikati, mwingine anaimalizia, na mimi nikipata kuipanga hoja yangu vizuri, mazungumzo yameshahamia jambo lingine. Nilikaa kimya kwa wiki tano, nikijua la kusema. Aliyeniokoa ni mhadhiri aliyeniita baada ya kipindi na kuniomba niwe ninamtumia swali moja kabla ya kila semina, ili aanze nalo yeye. Hakuna kanuni iliyomlazimu kufanya hivyo.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza, na ambalo kila anayejiandaa angepaswa kulijua kabla hajafunga mizigo, ni hesabu ya saa za kazi. Vyuo vingi vya Ulaya hupima masomo kwa krediti za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu masomo na kuyahamisha kutoka chuo kimoja hadi kingine, ulioanza kwa majaribio mwaka 1989 ndani ya Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Mwaka mzima wa masomo una krediti 60, na kila krediti inahesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30. Nilipoona kwamba somo la krediti 6 lina kipindi kimoja tu cha saa mbili kwa wiki, nilidhani nimepata nafuu. Nilikosea sana. Wiki 14 za vipindi ni saa 28, wakati somo hilo linadai saa 150 kwa uchache, na hizo nyingine zote ni zako peke yako maktabani, bila mtu wa kukuuliza umefika wapi. Aliyezoea kufundishwa darasani kutwa nzima anaweza kufikia katikati ya muhula akiamini yuko sawa, hali ameshaachwa nyuma.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Insha yangu ya kwanza ilirudi mwezi wa tatu tangu nifike, ikiwa na alama ya chini kabisa ya kufaulu. Nilikuwa nimesoma vitabu 12 na kumnukuu kila mwandishi kwa uangalifu, nikiona kwamba huo ndio unyenyekevu wa msomi. Pembeni mwa ukurasa wa pili mhadhiri alikuwa ameandika kwa penseli: “Nimeelewa wanachosema wao. Wewe unasemaje?”

Niliipeleka insha hiyo kwenye kituo cha uandishi cha chuo, na hapa ndipo ninapotaka kutoa sifa zangu zote. Mshauri, mama mmoja wa makamo, hakusahihisha hata neno moja. Alichukua karatasi tupu, akaifunika kila aya na kuiacha wazi sentensi yake ya kwanza tu, kisha akaniomba nizisome sentensi hizo kwa sauti, moja baada ya nyingine. Nikasoma: mwandishi fulani anaeleza, mwandishi mwingine anaongeza, kwa mujibu wa fulani. Nilipofika ya saba nilinyamaza mwenyewe. Hapakuwa na aya hata moja iliyoanza na wazo langu. Akanipa karatasi ile tupu, akaniambia niandike sentensi saba nilizo tayari kuzitetea mbele ya darasa, halafu ndipo nivirudie vitabu. Kazi hiyo ilichukua dakika 45 na haikuwa na malipo, na imenifaa kuliko somo lolote nililolisajili mwaka ule. Kasoro yake ni kwamba kituo hakikutajwa popote katika maelezo waliyopewa wageni. Nilikisikia kwa mhudumu wa maktaba. Mwanafunzi mgeni akiulizie wiki ya kwanza, kwani kwangu nafasi zilijaa wiki mbili kabla.

Sitaficha kwamba miezi ya tatu na ya nne ilikuwa migumu mno. Nililala mchana, nikaacha kupokea simu za nyumbani ili nisilazimike kusema kwamba mambo ni mazuri. Baadaye nilisoma kwamba mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala ya mwaka 1960, alieleza kuwa mgeni huanza na kipindi kinachofanana na fungate, kisha huingia katika hali ya kuichukia nchi aliyofikia. Utafiti wa Sverre Lysgaard wa mwaka 1955, kuhusu Wanorwei waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi, ulionyesha kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 hawakuwa wamezoea vizuri kama waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Kwangu shida ilikuja mapema kuliko hapo, lakini nilifarijika kujua kwamba si udhaifu wangu binafsi. Chuo kina washauri nasaha wazuri, ila foleni yao ni ya wiki sita.

Muhula wa pili ndio niliousoma kweli. Nilijua kupanga saa zangu, nilizungumza katika semina bila kutangulizwa, na insha yangu ya mwisho ilipata alama ya juu ambayo sikuipata nyumbani kamwe. Wenzangu waliokuja kwa muhula mmoja waliondoka wakati uleule mimi nilipoanza kuelewa, na wawili kati yao waliniambia kwamba walihisi wamelipia nauli ya safari na kushuka njiani.

Kuna suala moja ambalo halijaisha. Wiki ya tatu nilibadilisha somo, na mkataba wa masomo, yaani orodha ya masomo ambayo chuo changu kilikubali kuyatambua, ulihitaji saini upya: yangu, ya chuo changu na ya chuo kilichonipokea. Mratibu wao alikaa na fomu kwa wiki saba bila kuisaini, nami sikumfuatilia vya kutosha. Matokeo yake kitivo changu kimetambua krediti 54 tu kati ya 60. Nilipomwandikia mhadhiri wa somo lile, alinijibu siku hiyohiyo, akaambatisha muhtasari wa somo, orodha ya vitabu na barua ya kuthibitisha kwamba nilifanya mtihani. Kitivo kimekubali kulipitia ombi langu upya kabla ya muhula huu kwisha.